Ribaundi si ya mrefu, ni ya aliyewahi nafasi

MWEZI uliopita kijana mmoja niliyemfundisha hapa Kyarumba alirudi nyumbani kutoka chuoni kabla ya likizo. Hakufukuzwa kwa utovu wa nidhamu wala hakufeli mtihani. Alikuwa amekwenda na ahadi kwamba akiingia katika timu ya mpira wa kikapu atapunguziwa karo. Siku ya uteuzi, kocha alichora alama ya chaki ukutani, akawapitisha vijana wote chini yake, mmoja baada ya mwingine. Waliofikia alama waliingia uwanjani. Wasiofikia waliambiwa asanteni kwa kuja. Kijana wangu ana mita 1 na sentimita 74. Siku hiyo hakugusa mpira hata mara moja.

Mama yake ni mfanyabiashara wa mpakani. Huchukua chumvi ya Katwe na samaki wakavu, akateremka Bwera, akavuka Mpondwe hadi Kasindi, kisha akarudi na vitenge na mafuta ya mawese. Aliponijia jioni ile hakulia wala hakumlaumu mtu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, huo urefu unauzwa soko gani, nikamnunulie mwanangu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nimelitafakari swali hilo kwa wiki kadhaa, na leo naomba nafasi hii nilijibu mbele ya wasomaji wote, kwa sababu najua kwamba mama huyu si peke yake. Wako wazazi wengi katika milima hii, na wengine ng'ambo ya mpaka, ambao watoto wao wameambiwa kwamba mchezo huu si wao kwa sababu Mungu hakuwapa miguu mirefu.

Nathubutu kusema kwamba kocha yule hakukosea kwa kuwapenda warefu. Kila kocha duniani huwapenda. Kosa lake ni kudhani kwamba kazi aliyokuwa akiitafutia mtu, yaani kuudaka mpira uliokosa kikapu, hufanywa na urefu. Kazi hiyo hufanywa na nafasi, na nafasi huchukuliwa kabla mpira haujafika. Asiyelielewa hilo atakusanya majitu kumi na bado atafungwa na timu ya watu wa kimo cha kawaida.

Kwa wale wasiofuatilia mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Ringi ya kikapu imewekwa mita 3 na sentimita 5 kutoka ardhini. Mtu anapotupa mpira, mara nyingi hukosa. Hata katika vyuo vya Marekani, ambako vijana wamefundishwa tangu utotoni, timu ya kawaida hukosa zaidi ya nusu ya mitupo yake ya uwanjani. Mpira unapokosa hugonga chuma au ubao na kurudi, na huo ndio tunaouita ribaundi. Timu inayolinda ikiupata, hatari imekwisha na ni zamu yake kushambulia. Timu iliyotupa ikiupata tena, inapewa nafasi ya pili, tena mara nyingi ikiwa chini kabisa ya kikapu. Kwa hiyo mlinzi anaweza kufanya kazi nzuri kwa sekunde ishirini, akamsumbua mtupaji mpaka akose, halafu jasho lote likapotea kwa sababu mwenzake aliacha mtu mmoja apite.

Dawa ya ugonjwa huo ni ya zamani. Sisi katika uwanja wetu tunaiita kumweka mtu mgongoni. Mpira unapotoka mkononi mwa mtupaji, mlinzi haruhusiwi kuutazama. Anamtafuta kwanza mtu wake. Anamsogelea mpaka amguse kwa mkono uliokunjwa, anageuka kwa mguu mmoja, anampa mgongo, anakunja magoti, anakaa chini kama mtu anayeketi juu ya kigoda, na kiuno chake kinagusa mapaja ya yule aliye nyuma. Viwiko viko nje, mikono iko juu. Anakaa hivyo kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Hapo ndipo anapoufuata mpira. Aliye nyuma, hata awe mrefu namna gani, hana njia. Akiruka juu ya mgongo wa aliye mbele, mwamuzi anapuliza filimbi na faulo ni yake.

Mfanyabiashara wa soko la Lubiriha ataelewa jambo hili upesi kuliko mtu mwingine. Siku ya soko, aliyefika alfajiri na kutandika gunia lake mahali pazuri ndiye anayeuza. Anayekuja saa nne na lori zima la bidhaa atasimama nyuma. Lori lake ni kubwa, lakini wateja hawalifikii. Hakuna aliyemwonea, mwenzake aliwahi tu.

Sasa nitoe mfano ambao kila mpenzi wa mchezo huu katika Afrika Mashariki angepaswa kuujua. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA. Kabla ya hapo alisoma Chuo Kikuu cha Connecticut tangu mwaka 2006 hadi 2009. Ana mita 2 na sentimita 21. Katika msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa akipata zaidi ya ribaundi 10 kwa mchezo, na kwa miaka miwili mfululizo alichaguliwa mlinzi bora wa kundi la vyuo lililoitwa Big East. Sisi tuliokuwa tukifuatilia habari zake tulijivuna kana kwamba ni mtoto wa shangazi yetu.

Tarehe 16 Februari 2009, mjini Hartford, Connecticut walicheza na Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Siku hiyo Connecticut walikuwa wanashika nafasi ya kwanza katika orodha ya vyuo vya Marekani nzima. Pittsburgh walikuwa na kijana aitwaye DeJuan Blair, mwenye mita 2 na sentimita 1. Huo si ufupi kwa mtu wa kawaida, lakini mbele ya Thabeet alikuwa amepungukiwa sentimita 20. Tena, uchunguzi wa madaktari uliofanywa mwaka huo kabla ya kuingia NBA ulionyesha kwamba Blair hakuwa na zile kano za mbele zinazoshikilia goti, katika magoti yote mawili. Alizikosa kutokana na majeraha ya tangu shule ya sekondari. Mtu wa namna hiyo, kwa hesabu za chaki ya ukutani, asingeruhusiwa hata kuvaa viatu.

Mchezo ulipokwisha, Blair alikuwa na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alikuwa na pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh walishinda 76 kwa 68.

Naomba msomaji asome tena hesabu hiyo: 23 kwa 4. Blair aliyapata hayo kwa upana wa kiuno chake, kwa kukaa chini kuliko mwenzake, na kwa kuwahi kugusana naye kabla mpira haujashuka. Thabeet alikuwa akitazama juu, kama warefu wengi wanavyozoea tangu utotoni, kwa sababu utotoni kutazama juu kunatosha. Alipotaka kwenda kwenye mpira alikuta kuna mtu amekwisha kukaa njiani. Kuna wakati walishikana mikono wakigombea mpira na Thabeet akapinduka juu ya bega la Blair. Purukushani hiyo siisifu, na mwanafunzi wangu akiifanya nitamtoa nje. Lakini ribaundi 23 hazipatikani kwa kumpindua mtu mara moja. Zinapatikana kwa kurudia kazi ile ile ndogo tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho.

Simsemi Thabeet kwa kumdharau. Mwaka huo Connecticut walifika nusu fainali ya taifa, na yeye alisajiliwa wa pili katika uteuzi wote wa NBA, wakati Blair alisubiri mpaka nafasi ya 37. Soko la NBA nalo lilitumia chaki ya ukutani. Hata hivyo, waliopiga kura kumchagua mchezaji bora wa Big East mwaka 2009 waliwapa tuzo hiyo wote wawili kwa pamoja. Huo ulikuwa uamuzi wa haki.

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi, nao pia unamhusu Mwafrika. Tarehe 4 Aprili 1983, fainali ya vyuo vya Marekani ilichezwa Albuquerque kati ya Houston na North Carolina State. Houston walikuwa na Hakeem Olajuwon kutoka Lagos, na walikuwa wameshinda michezo 26 mfululizo. Zilipobaki sekunde chache matokeo yalikuwa 52 kwa 52. Mchezaji wa North Carolina State akatupa mpira kutoka mbali, ukapungua nguvu, haukufika hata kwenye chuma. Wachezaji wa Houston waliusindikiza kwa macho. Chini ya kikapu alikuwepo Lorenzo Charles, na hakuna aliyekuwa amemweka mgongoni. Akaudaka hewani na kuupachika kikapuni. Mchezo ukaisha 54 kwa 52. Olajuwon alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano hayo ingawa timu yake ilifungwa. Aliondoka na tuzo yake, lakini kombe lilikwenda kwa wengine, kwa sababu ya mtu mmoja aliyeachwa bila kuzuiwa kwa muda wa kupepesa macho.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa kijijini huku Bukonzo ameyajulia wapi mambo haya. Nilijifunza uhamishoni. Baba yangu alivuka mpaka katika miaka ya misukosuko ya Rwenzururu, na mama akamfuata mwaka 1980 akiwa amenibeba mgongoni. Nilisoma Butembo, ng'ambo ya milima, wakati nchi ile bado inaitwa Zaire. Ndugu zetu Wanande walitupokea kwa wema, na lugha yao haitofautiani sana na Lukonzo. Lakini mkimbizi ni mkimbizi. Darasani nilikaa nyuma, na uwanjani niliitwa mwisho.

Shule yetu ilikuwa na mpira mmoja tu wa kikapu, uliokuwa umepara kama kichwa cha mzee. Mwalimu wetu wa mazoezi, mtu mfupi mwenye miwani, aliona kwamba tukigombea mpira huo wote hakuna atakayejifunza. Kwa hiyo alitufundisha bila mpira. Alichora duara kwa kijiti, akaweka gunzi la mahindi katikati. Mmoja alisimama ndani ya duara, mwingine nje. Akisema "sasa", wa nje anatafuta kulifikia gunzi, na wa ndani anamzuia kwa mgongo, bila kushika na bila kusukuma kwa mikono, mpaka mwalimu ahesabu tatu. Aliyeshindwa alikwenda kuchota maji ya kumwagia bustani.

Nilichota maji kwa muhula mzima. Muhula wa pili nilianza kuelewa kwamba yule kijana mkubwa anayenikabili ana mguu mmoja anaoutanguliza kila mara, na kwamba nikimgusa pajani mapema, kabla hajapata kasi, ukubwa wake unageuka mzigo wake mwenyewe. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa naitwa wa kwanza. Sikuwa nimerefuka, na hata kurusha mpira kikapuni sikuwa hodari. Nahodha aliniambia wazi: nikiwemo mimi, timu nyingine hazipati mpira wa pili.

Niliporudi nyumbani mwaka 1998 sikurudi na mali. Nilirudi na cheti, na lugha tatu, na duara lile la gunzi. Wengi tuliorudi tunajua maana ya kufika mahali ukakuta kila nafasi imekaliwa. Mashamba ya kahawa yana wenyewe, vibanda vya soko vina wenyewe, na kazi za ofisini zinaomba vyeti vya mahali ambapo wewe hukusoma. Katika hali kama hiyo mtu hujifunza mambo mawili. La kwanza, kulalamika kwamba mwenzako ni mkubwa hakumsogezi. La pili, kuna nafasi ndogo ndogo zinazoachwa wazi kila siku na watu wanaotazama juu, na anayeamka mapema anaweza kuzishika.

Ndiyo maana nilipoona vijana wa hapa wakicheza kikapu kwenye udongo, nilichora duara siku ya kwanza.

Najua kuna atakayeniambia: "Mwalimu, acha hadithi. Tazama NBA, wote ni majitu." Hoja hiyo ina uzito na siwezi kuipuuza. Marehemu Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki dunia Septemba 2024, alikuwa na mita 2 na sentimita 18. Alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown akitaka kuwa daktari, akaishia kuwa mmoja wa walinzi wakubwa kabisa waliopata kuonekana, na aliongoza NBA kwa wastani wa ribaundi katika misimu miwili. Urefu ulimsaidia. Nani atabisha? Ukiwapa watu wawili elimu ile ile, bidii ile ile na nafasi ile ile, mrefu atashinda.

Lakini neno muhimu hapo ni "nafasi ile ile". Dennis Rodman alitoka katika chuo kidogo cha Oklahoma ambacho wengi hawajakisikia, akiwa na mita 2 na sentimita 1, akaongoza NBA kwa ribaundi misimu saba mfululizo, kuanzia ule wa 1991-92 hadi ule wa 1997-98. Katika miaka hiyo ligi ilijaa watu waliompita kwa sentimita kumi, wengine hata ishirini. Wao walikuwa na urefu. Yeye alikuwa anasoma jinsi mpira wa kila mtupaji unavyozunguka na upande unaoelekea kuangukia. Mtupo wa kutoka pembeni ukikosa, mara nyingi huangukia upande wa pili. Mtupo wa mbali hudunda mbali. Elimu hiyo haina karo na haipimwi ukutani.

Wahenga walisema wembamba wa reli si kitu, gari moshi hupita juu yake.

Kuna sababu nyingine inayofanya kazi hii isithaminiwe, nayo ni kwamba haionekani. Anayemweka mtu mgongoni mara nyingi si yeye anayeudaka mpira. Yeye anashikilia mlango, mwenzake anaingia. Daftari la mchezo linaandika jina la aliyedaka. Chuo kile kile cha Pittsburgh kilimpata baadaye kijana wa New Zealand, Steven Adams, aliyecheza hapo msimu wa 2012-13. Alipokwenda NBA, katika timu ya Oklahoma City, alikuwa akiwazuia watu wakubwa wa upande wa pili ili mwenzake Russell Westbrook, ambaye ni mlinzi wa pembeni, aje auchukue mpira na kukimbia nao. Msimu wa 2016-17 Westbrook alipata wastani wa ribaundi zaidi ya 10 kwa mchezo, jambo la nadra kwa mtu wa nafasi yake, na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Adams hakupewa tuzo. Baada ya hapo NBA yenyewe ilianza kuhesabu na kutangaza ni mara ngapi kila mchezaji amemzuia mtu namna hii. Kama wenye fedha zao wameona umuhimu wa kuhesabu, sisi wenye mpira mmoja tunangoja nini?

Hili si suala la burudani tu kwetu. Vyuo vikuu hapa Uganda hutenga nafasi kwa wanamichezo, na baadhi ya vyuo vya binafsi huwapunguzia karo. Mlango umepanuka katika miaka hii. Mwaka 2021 timu yetu ya taifa, Silverbacks, iliitoa Nigeria na kufika robo fainali ya Afrika mjini Kigali. Mmoja wa nguzo zake alikuwa Ishmail Wainright, aliyesoma Chuo Kikuu cha Baylor huko Texas. Ana mita 1 na sentimita 96 na kifua kipana kiasi kwamba mwaka 2017 Baylor walimtumia pia katika mpira wa miguu wa Kimarekani. Mwaka huo huo wa 2021 Ligi ya Kikapu ya Afrika ilianza, na City Oilers wa Kampala wakaiwakilisha Uganda humo mwaka 2023. Kwa mtoto wa mchuuzi wa Bwera, kuingia katika timu ya chuo kunaweza kumaanisha miaka mitatu ya masomo ambayo mama yake asingeweza kuilipia kwa chumvi. Chaki ya ukutani, basi, inakata zaidi ya mchezo.

Nina mapendekezo machache.

Kwa makocha wa vyuo: pimeni urefu mkitaka, lakini msianzie hapo. Siku ya uteuzi chora duara moja uwanjani, weka kitu chochote katikati, wapange vijana wawili wawili. Kwa saa moja utajua ni nani ana moyo wa kazi. Anayekubali kugusana, kukaa chini na kurudia mara ishirini bila mtu kumshangilia, huyo mchukue. Kurusha mpira utamfundisha. Ule moyo ni vigumu kuufundisha mtu mzima.

Kwa walimu wenzangu wa shule za sekondari: mpeni mwanafunzi mmoja daftari, akae pembeni, aandike kila mara mchezaji anapomweka mtu mgongoni, hata kama mpira umedakwa na mwingine. Mwisho wa mchezo yasomwe majina hayo kwanza, kabla ya ya wafungaji. Mimi nimefanya hivyo kwa miaka kadhaa. Vijana hupenda kufanya kile kinachosomwa hadharani. Barua ya kumwombea mtoto nafasi chuoni ikiambatana na daftari la namna hiyo, kocha mwenye akili ataisoma mara mbili.

Kwa vijana wenyewe: huu si ugomvi. Ukinyoosha mikono kumkumbatia aliye nyuma, ukimsukuma kwa kurudi nyuma, au ukimwingia miguuni akiwa hewani, umefanya faulo na unaweza kumvunja mtu. Kazi yako ni kuwahi mahali, kukaa hapo kihalali, na kumlazimisha mwenzako azunguke. Na ukiona mpira unatupwa, usiwe kama wale wa Houston. Mtafute mtu wako kwanza.

Kwa wazazi wenye mabinti: haya yote yanawahusu wao zaidi. Katika mchezo wa wasichana ni wachache mno wanaofikia chuma kwa kuruka, kwa hiyo mipira mingi hudakwa chini, na anayejua kukaa njiani ndiye anayeitawala. Hapa Kyarumba mwenye kuzuia vizuri kuliko wote msimu huu ni msichana, na kaka zake wamekoma kumcheka.

Nimalizie na kijana wangu. Siwezi kusema kwamba kocha amembadilishia uamuzi, kwa maana hajambadilishia. Nimemwandikia barua na kuambatanisha kurasa za daftari letu, na nimemwomba ampe nusu saa tu uwanjani katika uteuzi ujao. Kijana amesharudi chuoni. Karo ya muhula huu mama yake ameilipa kwa kuuza mbuzi wawili, na sijui kama atapata wa muhula ujao.

Kabla hajaondoka nilimkuta mama huyo sokoni, jua halijachomoza, gunia lake limekwisha kutandikwa mahali pale pale pazuri karibu na njia. Nikamwambia, "Mama, lile swali lako nimelipatia jibu. Urefu hauuzwi. Lakini mwanao anahitaji kile kile unachofanya wewe hapa kila siku ya soko."

Akanitazama, akacheka kidogo, akaendelea kupanga samaki wake. "Hilo mimi nalijua, Mwalimu," alisema. "Kamwambie kocha."

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari, anaishi Kyarumba, wilaya ya Kasese.